Mkurugenzi wa Siri na Dhahabu Isiyokuwepo

Mwaka 1990 kampuni mpya iliandikishwa jijini Nairobi kwa jina la Goldenberg International. Wakurugenzi wake walikuwa wawili. Kamlesh Pattni alikuwa kijana wa miaka ya ishirini kutoka familia ya wafanyabiashara wa vito, na nje ya duru za masonara ni wachache waliomjua. Mwenzake, James Kanyotu, naye hakujulikana sura na Wakenya wengi, ingawa jina lake liliwatia hofu hata mawaziri. Alikuwa mkuu wa ujasusi wa nchi, na kazi hiyo alikuwa ameishika tangu 1965.

Kampuni yao ilijitambulisha kuwa muuzaji wa dhahabu na almasi katika nchi za nje. Kenya haikuwa na mgodi hata mmoja wa almasi. Dhahabu ilikuwepo kidogo upande wa magharibi: Kakamega iliwahi kuvuta umati wa walowezi mwanzoni mwa miaka ya 1930, wakachimba, wakaondoka, na uchimbaji mkubwa ukafa. Wachimbaji wadogo waliobaki wakichekecha mchanga mitoni wasingeweza kujaza makasha ambayo Goldenberg iliahidi kuyapeleka ng'ambo.

Kwa robo karne Kanyotu alikuwa amekusanya habari za watu wengine. Picha zake hazikuonekana magazetini, hotuba hakutoa, na katika hafla za serikali mtu angeweza kusimama karibu naye bila kumtambua. Sasa jina lake lilikuwa limeandikwa kwenye hati ya kampuni. Kutoka hapo kashfa kubwa kuliko zote za fedha katika Kenya ya karne iliyopita ikaanza kusogea, na ilipofichuka ilionyesha jambo ambalo wananchi walikuwa wakilihisi kwa miaka mingi: ofisi inayojua siri za kila mtu, ikiwekwa nje ya sheria, huwa maficho ya wizi, na nje ya kuta zake hukua uvumi ambao hakuna awezaye kuuthibitisha wala kuukanusha.

Ofisi yenyewe ilirithiwa. Special Branch, idara ya ujasusi aliyoiongoza Kanyotu, ilijengwa na wakoloni, na ilipata meno yake mwaka 1952 serikali ya kikoloni ilipotangaza hali ya hatari na kuikabidhi kazi ya kuchimbua siri za wapiganaji wa Mau Mau. Ofisa wake aliyevuma kuliko wote alikuwa Ian Henderson, Mskochi aliyekulia Kenya na kuzungumza Kikuyu kwa ufasaha. Henderson aliwachukua wapiganaji waliotekwa, akawageuza, akawarudisha msituni kuwawinda wenzao. Mbinu hiyo ndiyo iliyozidi kumbana kiongozi wa Mau Mau, Dedan Kimathi, hadi akakamatwa Oktoba 1956 na kunyongwa Februari 1957. Mwaka 1964 Henderson alifukuzwa Kenya. Aliishia Bahrain, akaongoza usalama wa ndani wa kisiwa hicho kwa takriban miongo mitatu, na huko pia wapinzani wa serikali wakalishika jina lake kwa uchungu.

Uhuru ulipofika Desemba 1963, baadhi ya majalada ya wakoloni yalikuwa yamechomwa na mengine yamepakiwa ndege kwenda Uingereza. Mtambo haukuguswa. Mtandao wa watoa habari, vyumba vya mahojiano, desturi ya kumfuatilia mwanasiasa kutoka nyumbani hadi bungeni, vyote vilikabidhiwa serikali mpya vikiwa vizima. Mwafrika wa kwanza kuuongoza alikuwa Bernard Hinga. Hinga alipopandishwa kuwa Kamishna wa Polisi, kiti kikamwendea Kanyotu, ofisa kijana aliyefundwa ndani ya idara hiyo hiyo.

Sheria ya Bunge iliyoeleza kazi ya idara, mipaka yake na nani angeihoji haikuwepo. Mkuu wake aliwajibika kwa Rais peke yake. Katika miaka yote ya Kanyotu hali ilikuwa hiyo, na bila kulikumbuka jambo hili mengi ya yaliyofuata hayaeleweki.

Mwaka alioanza kazi ulikuwa wa moto. Februari 24, 1965, Pio Gama Pinto, mbunge na mwanamikakati wa mrengo wa kushoto, alipigwa risasi nje ya nyumba yake Nairobi. Aprili mwaka huo Rais Jomo Kenyatta alikataa shehena ya silaha za Kisovieti iliyofika Mombasa kwa meli. Mwaka uliofuata Jaramogi Oginga Odinga alijiuzulu umakamu wa rais, akaunda chama cha KPU. Tangu hapo adui aliyetazamwa zaidi na makachero alikuwa raia wa ndani: mbunge, kiongozi wa chama cha wafanyakazi, mhadhiri, mwanafunzi. Askari kanzu wakawa sehemu ya kila mkutano wa hadhara, na wasemaji walizoea kuchagua maneno wakijua kuna anayeandika.

Waziri Tom Mboya aliuawa Julai 5, 1969, mchana, katikati ya Nairobi. Oktoba ziara ya Kenyatta mjini Kisumu iliishia kwa polisi kuwafyatulia watu risasi. KPU ikapigwa marufuku na Odinga akawekwa kizuizini bila kesi. Njenga Njoroge alihukumiwa kwa mauaji ya Mboya, akanyongwa mwaka huo huo. Kisilu Mutua, aliyehukumiwa kwa mauaji ya Pinto, alikaa jela miaka 35 hadi alipoachiliwa 2001, na muda wote alishikilia kwamba hakuua. Mahakama zilitoa majina ya waliofyatua risasi. Nani aliwatuma, hazikusema. Watu wakalijibu swali hilo wenyewe, kila mmoja kwa kadiri ya kabila lake, chama chake na hasira zake.

Kisha likaja la J.M. Kariuki.

Josiah Mwangi Kariuki alikuwa amefungwa katika kambi za kizuizini enzi za Mau Mau, akaandika kitabu juu ya maisha hayo, akawa katibu wa Kenyatta. Akiwa mbunge wa Nyandarua Kaskazini aligeuka kuwa sauti kali dhidi ya viongozi waliojilimbikizia mashamba. Machi 1, 1975, bomu lilipasuka ndani ya basi la OTC jijini Nairobi na kuua watu 27. Kesho yake jioni Kariuki alionekana akitoka Hoteli ya Hilton akiwa na Ben Gethi, kamanda wa kikosi cha polisi cha GSU. Hakuonekana tena akiwa hai. Wakati taarifa zikisambazwa kwamba amesafiri Zambia, mwili wake ulikuwa tayari umeokotwa na wafugaji karibu na vilima vya Ngong na kulazwa katika chumba cha maiti cha jiji kama wa mtu asiyejulikana. Wake zake ndio waliomtambua.

Bunge lilifanya jambo ambalo halikuwahi kulifanya kabla ya hapo. Kamati teule chini ya Elijah Mwangale ilihoji maofisa, ikakusanya ushahidi, na mwezi Juni ikawasilisha ripoti iliyowashutumu polisi kwa kuvuruga uchunguzi. Kabla haijasomwa, Kenyatta aliamuru majina mawili ya watu wa karibu naye yaondolewe, likiwemo la Waziri wa Nchi, Mbiyu Koinange. Wabunge waliipitisha kwa kura chache za ziada. Waziri Masinde Muliro, aliyeiunga mkono, alifutwa kazi. Hakuna aliyeshtakiwa kwa mauaji hayo hadi leo.

Iwapo kulikuwa na jalada la Special Branch juu ya siku za mwisho za Kariuki, na ni vigumu kuamini kwamba mwanasiasa aliyefuatiliwa kiasi kile hakuwa nalo, umma haukulisoma. Kanyotu alibaki kwenye kiti chake. Kimya chake, ambacho ndani ya idara kilihesabiwa kuwa nidhamu, nje yake kilisikika kama ungamo. Wakenya wakaanza kumwingiza katika kila kifo na kila njama, mara nyingine kwa sababu nzuri, mara nyingine kwa sababu tu ya cheo chake.

Kenyatta alifariki Mombasa Agosti 22, 1978, na Daniel arap Moi akashika madaraka. Miezi michache baadaye Mwanasheria Mkuu Charles Njonjo alilieleza Bunge kwamba kikosi cha polisi cha Bonde la Ufa, kilichoundwa kwa jina la kupambana na wizi wa mifugo, kilikuwa kimeandaliwa kumwondoa Moi na viongozi wengine kabla hajaapishwa. Kikosi hicho kikajulikana kama Ngoroko. Nchi nzima iliizungumza habari hiyo, lakini hakuna aliyefikishwa mahakamani, na njama hiyo ikabaki nusu historia, nusu hadithi. Vigogo wa enzi ya Kenyatta walisukumwa nje mmoja baada ya mwingine. Mkuu wa ujasusi hakuguswa.

Alfajiri ya Agosti 1, 1982, askari wa Jeshi la Anga waliteka kituo cha redio na kutangaza kuipindua serikali. Kufikia jioni jeshi la nchi kavu lilikuwa limewashinda, na kiongozi wao, Hezekiah Ochuka, alikuwa amerukia Tanzania kwa ndege ya kijeshi. Kuna simulizi ambayo waandishi wa Kenya wameirudia sana: kwamba Kanyotu alikuwa na habari za njama siku kadhaa kabla, akamfuata Moi kuomba ruhusa ya kuwakamata wahusika, na wakuu wa jeshi wakataka waachiwe wenyewe baada ya wikendi. Wapo waliotoka hapo wakaenda mbali zaidi, wakidai serikali iliacha mapinduzi yaanze ili ipate kisingizio cha kuwafagia wapinzani. Simulizi ya kwanza inaaminika kwa urahisi. Ya pili inahitaji ushahidi mzito. Lakini tofauti kati yake ingeonekana kwa kusoma karatasi za wiki moja tu ya Julai 1982, na karatasi hizo hazijawahi kuwekwa mbele ya wananchi.

Baada ya jaribio hilo idara ilikua na kukaza mkono. Jengo la Nyayo House, mnara wa ofisi za serikali katikati ya Nairobi, lilifunguliwa baadaye likiwa na vyumba vya siri chini ya ardhi. Wananchi walipanga foleni ghorofa za juu wakiomba pasipoti, na chini ya miguu yao walikuwemo watu waliosimamishwa uchi ndani ya maji kwa siku kadhaa, wakipigwa na kunyimwa chakula hadi wakubali kwamba ni wafuasi wa Mwakenya, harakati ya chini kwa chini iliyoanza kusakwa kwa nguvu mwaka 1986. Wengi walitolewa humo moja kwa moja hadi mahakamani, wakakiri mbele ya hakimu bila wakili na kupelekwa gerezani siku hiyo hiyo. Wanyiri Kihoro, mmoja wa walioteswa humo, aliandika kitabu kizima juu ya yaliyompata. Wakili Gibson Kamau Kuria alipofungua mashtaka 1987 kuhusu mateso ya wateja wake, naye akawekwa kizuizini.

Serikali ilikanusha kwa miaka mingi. Vyumba vya Nyayo House vilifunguliwa rasmi mbele ya umma Februari 2003, Moi alipokuwa ameondoka Ikulu, na waathiriwa wakaingia na kuonyesha kuta zenyewe. Tangu 2010 Mahakama Kuu imewatambua makumi yao katika hukumu mbalimbali na kuwapa fidia. Kilichoitwa uchochezi mwaka 1987 sasa kiko katika kumbukumbu za mahakama.

Mwaka wa Goldenberg ulianza kwa damu. Usiku wa kuamkia Februari 13, 1990, Waziri wa Mambo ya Nje, Dk. Robert Ouko, alitoweka nyumbani kwake Koru. Mwili wake ulitambuliwa siku tatu baadaye chini ya kilima cha Got Alila, si mbali na hapo, ukiwa umepigwa risasi na kuchomwa. Kwanza ilidokezwa kwamba alijiua, dai ambalo watu wa Kisumu walilipokea kwa maandamano. Mpelelezi John Troon aliitwa kutoka Scotland Yard. Uchunguzi wake ulitaja mambo mawili yaliyostahili kufuatwa: ugomvi wa viongozi katika safari ya Marekani, na ripoti ya ufisadi ambayo Ouko alikuwa akiiandaa kuhusu mradi wa kiwanda cha molasi cha Kisumu. Tume ya Jaji Evan Gicheru ilikaa kuanzia Oktoba 1990 na kusikiliza mashahidi wengi, kisha Moi akaivunja Novemba 1991 kabla haijamaliza kazi. Waziri Nicholas Biwott na Katibu Mkuu Hezekiah Oyugi, waliokamatwa wakati huo, waliachiliwa kwa kukosekana ushahidi.

Miezi hiyo hiyo, Oktoba 1990, Pattni aliiandikia Wizara ya Fedha. Aliomba Goldenberg ipewe peke yake haki ya kuuza dhahabu na vito nje ya nchi, na kwa kila shehena serikali iilipe fidia ya asilimia 35. Kwa upande wake ingeingiza dola milioni 50 kila mwaka. Sheria ya kuwatia moyo wauzaji wa bidhaa nje iliruhusu asilimia 20 tu. Serikali ilikubali ombi, na asilimia 15 za juu zikalipwa kama hisani.

Wakati ulichaguliwa vizuri. Fedha za kigeni zilikuwa adimu, na Novemba 1991 wafadhili waliokutana Paris walisimamisha misaada mipya hadi siasa na uchumi virekebishwe. Desemba hiyo Katiba ilibadilishwa kuruhusu vyama vingi, na uchaguzi ukapangwa Desemba 1992. Mtu aliyesema anaweza kuleta dola alifunguliwa milango ambayo mfanyabiashara mwingine asingeisogelea. Na pembeni ya jina la kijana huyo kulikuwa na jina la Kanyotu. Kwa karani wa forodha au ofisa wa benki, kuihoji kampuni ya mkuu wa ujasusi kulihitaji ujasiri wa aina nyingine kabisa.

Kwenye karatasi, dhahabu ilitoka Kenya ikaenda kwa wanunuzi wa Dubai na Uswisi, dola zikarudi, na Hazina ikalipa fidia. Uchunguzi wa baadaye ulikuta kwamba sehemu kubwa ya mauzo hayo hayakufanyika. Kiasi cha dhahabu iliyopita kweli kilikuwa kimevushwa kwa magendo kutoka Zaire. Wanunuzi kadhaa hawakuwepo. Dola nyingine zilinunuliwa humu humu nchini kwa shilingi za Benki Kuu na kurudishwa Benki Kuu kama mapato ya dhahabu. Mwaka 1993 peke yake shilingi bilioni 5.8 zilitoka Hazina kwenda Goldenberg, na malipo hayo ndiyo yaliyokuja kuwa msingi wa kesi kubwa.

Aliyelipa ni mwananchi wa kawaida. Noti zilimiminika mitaani msimu wa uchaguzi. Mfumuko wa bei wa 1993 ulipita asilimia 40 na shilingi ikaporomoka mbele ya dola. Kila mwezi mshahara wa mwalimu ulinunua unga kidogo zaidi kuliko mwezi uliotangulia. Hospitali za umma, ambazo zilikuwa zimeanza kuwatoza wagonjwa ada, zilikosa dawa katika miaka ambayo kampuni moja ililipwa mabilioni kwa mizigo ya kubuni.

Aliyeuvunja ukuta huo hakuwa jasusi wala mwanasiasa. David Munyakei alikuwa karani kijana wa Benki Kuu, katika idara iliyoshughulikia malipo ya wauzaji nje. Fomu za CD3, zinazoonyesha bidhaa iliyouzwa na fedha iliyoingia, zilipita mezani kwake. Aliona kiasi kisicholingana, saini zilizoharakishwa, malipo yaliyojirudia. Alitoa nakala. Nakala hizo ziliwafikia wabunge wa upinzani, Paul Muite na Peter Anyang' Nyong'o, na mwaka 1993 Bunge likasikia habari za Goldenberg kwa takwimu.

Munyakei alikamatwa na kushtakiwa kwa kuvunja Sheria ya Siri za Serikali. Kesi ilianguka kwa kukosa ushahidi, lakini kazi aliipoteza na hakuna benki iliyomwajiri tena. Alikwenda Mombasa, akaishi kwa vibarua, kisha akarudi kwao Narok. Shirika la Transparency International lilimpa tuzo ya uadilifu mwaka 2004. Alifariki Julai 2006 akiwa maskini, miezi michache tu baada ya kutolewa ripoti ya tume ya uchunguzi iliyomthibitisha. Nchi aliyoiokolea fedha haikumrudishia hata kiti chake cha ukarani, na hilo ni deni ambalo Kenya haijalilipa.

Habari hizo zilipofichuka, Kanyotu alikuwa ameshastaafu. Rais Mwai Kibaki aliunda tume chini ya Jaji Samuel Bosire mwanzoni mwa 2003, na kwa miezi mingi Wakenya walifuatilia vikao vyake kama wanavyofuatilia fainali za mpira. Pattni alitoa ushahidi kwa siku nyingi na kuwataja wakubwa, akiwemo Moi. Tume haikumwita Moi kujibu. Ripoti iliyotolewa Februari 2006 ilifuatilia mzunguko wa zaidi ya shilingi bilioni 158 na kupendekeza watu kadhaa washtakiwe, Kanyotu miongoni mwao. Profesa George Saitoti, aliyekuwa Waziri wa Fedha wakati wa malipo, alijiuzulu uwaziri, kisha Mahakama Kuu ikafuta yale ambayo tume ilimhusisha nayo.

Machi 2006 mzee aliyekuwa akiamua nani akamatwe alisimama kizimbani pamoja na Pattni na maofisa wa zamani wa fedha. Kesi ilikwama katika maombi na rufaa. Kanyotu alifariki Februari 2008 kabla ya hukumu, akaacha mali ambayo mgawanyo wake uliwashughulisha majaji kwa miaka. Mwezi Machi 2013 Mahakama Kuu ilisimamisha mashtaka dhidi ya Pattni. Jaji aliyetoa uamuzi huo, Joseph Mutava, baadaye aliondolewa kazini baada ya jopo kuchunguza mwenendo wake katika kesi hiyo. Hoteli ya Grand Regency, iliyohusishwa na fedha za Goldenberg, ilirejeshwa kwa Benki Kuu mwaka 2008 na kuuzwa muda mfupi baadaye kwa wawekezaji wa Libya katika mauzo yaliyomlazimisha Waziri wa Fedha kujiuzulu.

Kwa hiyo hakuna aliyefungwa kwa wizi wa Goldenberg. Hata hivyo Goldenberg ina kitu ambacho mauaji ya Kariuki na Ouko hayana. Leo hakuna Mkenya makini anayebishana kama kashfa hiyo ilitokea. Kiwango cha fidia kinajulikana, barua inajulikana, wakurugenzi wanajulikana, tarehe za malipo zinajulikana. Kijana aliyezaliwa baada ya 1993 anaweza kuisoma hatua kwa hatua. Lakini akiuliza nani alimuua Kariuki atapewa majibu matano na wazee watano, na kila mmoja ataapa kwamba lake ndilo la kweli.

Wahenga walisema lisemwalo lipo, na Wakenya wameutumia msemo huo sana kwa habari za Special Branch. Mara kadhaa historia imewapa haki. Mateso ya Nyayo House yalianza kama minong'ono yakaishia katika hukumu za mahakama. Majina yaliyofutwa kwenye ripoti ya Mwangale yalikuwa uvumi kabla hayajajulikana. Mtu aliyedanganywa mara nyingi na serikali yake hana kosa akikataa kuamini taarifa rasmi. Hatari ni kwamba mazoea hayo hayachagui. Yanamfanya mtu aamini la kweli na la uongo kwa uzito uleule, na aliye na hatia hunufaika kwa sababu ukweli wake umechanganywa na porojo mia moja.

Dawa yake inajulikana, na imeshajaribiwa kwenye idara hii hii. Mwaka 2009 wazee waliopitia kambi za Mau Mau waliishtaki serikali ya Uingereza jijini London. Kesi ilipoendelea, mwaka 2011 ikabainika kwamba majalada takriban 1,500 yaliyoondolewa Kenya wakati wa uhuru yalikuwa yamefichwa Hanslope Park, kituo cha serikali huko Uingereza. Wanahistoria waliyafungua. Humo mlikuwa na barua za maofisa waliojua kuhusu mateso na kuyaruhusu. Juni 2013 Uingereza ilieleza majuto yake na kukubali kuwalipa Wakenya 5,228 jumla ya pauni milioni 19.9. Yaliyokuwa yakibishaniwa kwa miaka 50 yalithibitika kwa sababu makaratasi yalitoka.

Ni jambo la kusikitisha kwamba Mkenya anaweza kusoma yaliyoandikwa na Special Branch ya mkoloni mwaka 1955 kwa urahisi kuliko yaliyoandikwa na Special Branch ya nchi yake huru mwaka 1975.

Sheria imebadilika. Mwaka 1998 Bunge lilipitisha sheria ya kwanza ya kuunda idara ya ujasusi, likaitenga na kazi ya kukamata watu. Katiba ya 2010 inaitambua idara hiyo na kumpa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaruhusu kuficha mambo ya usalama wa taifa, lakini inasema pia kwamba habari iliyohifadhiwa kwa zaidi ya miaka 30 huchukuliwa kuwa haina sababu ya kufichwa, mpaka taasisi husika ithibitishe vinginevyo. Machi 1975 imepita kikomo hicho. Julai 1982 imekipita. Februari 1990 nayo imekipita, na pia karibu kila karatasi iliyopitia meza ya Kanyotu.

Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilikabidhi ripoti yake Mei 2013, ikiwa na sura nzima juu ya mauaji ya kisiasa, na mapendekezo yake mengi bado hayajatekelezwa. Wabunge wa 1975 walihoji, wakapiga kura na kukubali kupoteza vyeo wakati Rais akiwa na uwezo wa kuwafunga bila kesi. Wabunge wa leo hawahitaji ujasiri wa kiasi hicho. Wanachotakiwa kufanya ni kuiamuru Serikali ipeleke majalada ya 1965 hadi 1991 kwenye Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, kwa orodha inayosomeka na umma, yakitangulia ya Kariuki na Ouko, na pale jalada litakapodaiwa kupotea au kuchomwa, jina la ofisa aliyelishika mara ya mwisho liandikwe.